Niliagiza Kimoja, Nimeletewa Mia

Mtaani walimwita Mama Vioo, na jina hilo alilipokea bila kinyongo kwa sababu lilimletea wateja. Zamani alikuwa muuzaji katika duka la samani, mpaka duka lilipofungwa. Mwenye duka akaondoka na samani zake, naye akaondoka na ujuzi wa kuuza. Hakukaa kulia. Alimfuata seremala wa mtaa wa nyuma, mtu wa maneno machache aliyetengeneza fremu nzuri zisizo na mnunuzi, wakapatana kuwa seremala atengeneze vioo vya ukutani, yeye aviuze mtandaoni. Sebule ikakatwa nusu kwa pazia: huku makochi na televisheni, kule katoni, sponji, magazeti ya zamani na selotepu.

Kumbe kioo ni kigumu kukipiga picha. Picha zake za kwanza zilimwonyesha yeye mwenyewe, kilemba kichwani na simu mkononi, hata mteja mmoja akauliza kama mama aliyemo ndani anauzwa pamoja na fremu. Alicheka mpaka mama mkwe wake, aliyeishi nao, akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Lakini kilichompa sifa ni namna alivyopokea malalamiko. Kioo ni kioo. Kikisafiri, iko siku kitavunjika. Mteja akimwandikia kwa hasira, hakumjibu kwa maandishi, maana aliamini maandishi hayana uso. Alivuta pumzi, akarekodi ujumbe wa sauti: pole kwanza, maswali baadaye. Hakuwahi kumuuliza mtu, "Una hakika?" Aliomba picha ya katoni kabla ya picha ya kioo, kwa kuwa katoni ndiyo inayosimulia safari. Kisha akatuma kingine.

"Ukiwa na ulimi laini," alimwambia mama mkwe wake, "hata aliyekuja na ugomvi hukosa pa kuutua."

Jambo moja tu hakuwaambia wateja. Mumewe alikuwa mpakiaji wa mizigo katika kampuni ileile iliyosafirisha vioo vyake.

Basi asubuhi moja, akiwa anafunga mzigo, simu ikalia. Alikuwa mshonaji wa nguo wa mji wa mbali, mwanamke aliyenunua kioo kirefu, cha kumwonyesha mtu kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Dada, niliagiza kioo kimoja," mshonaji alisema. "Nimeletewa mia."

"Pole sana, dada yangu. Hujajikata?"

Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. "Kidole kidogo tu," akasema, na sauti ikashuka. Alieleza kuwa amefungua chumba kipya cha kazi, na wateja wake wanajitazama kwenye kioo cha dirisha la duka la jirani, tena jirani ameshaanza kununa.

Mama Vioo akatuma kioo cha pili. Alikifunga kwa sponji mara mbili, akazungusha selotepu mpaka katoni ikang'aa, na kwenye ule upande mpana akaandika kwa wino mwekundu: KIOO, TAFADHALI. Nacho kikafika vipande.

Safari hii mshonaji hakupiga simu. Aliandika tu: "Dada, basi. Labda mimi na vioo hatupatani. Usijitie hasara zaidi."

Ujumbe ule ulimchoma kuliko matusi. Mwenye kutukana bado anatarajia kitu kwako. Huyu alikuwa ameshakata tamaa kwa adabu. Mama Vioo alizunguka chumba, akakaa, akasimama tena. Chakula cha jioni kilipoandaliwa, hakungoja mumewe amalize kunawa.

"Baba watoto, mizigo ya watu mnaibeba au mnaipiga?"

Mumewe akaweka kata ya maji chini. "Imekuwaje tena?"

"Kioo cha mshonaji. Mara ya pili."

"Mke wangu, kila mzigo unaokuja pale umeandikwa 'taratibu'. Mpaka magunia ya misumari. Tukiyasoma yote tutafika lini? Lakini kutupa hatutupi."

Mama mkwe, aliyekuwa anakula zake, akasafisha koo. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akamtazama mwanawe. "Huyu nilimzaa mimi. Nyumba yangu haikumaliza mwaka na glasi nzima."

"Mama, na wewe?"

"Mimi nasema nilichokiona."

Mume alimaliza kula haraka, akaenda kulala. Mama Vioo akaanza kujuta kumsema mbele ya mama yake. Lakini kulipokucha, alimkuta mlangoni amevaa sare, anamsubiri. "Chukua mzigo wako mmoja," alisema. "Leo utakuja uone kwa macho yako."

Ghala la mizigo lilinuka vumbi na mafuta ya magari. Mama Vioo alitarajia kuona katoni zikiruka hewani kama mipira, lakini aliona watu wanaofanya kazi kwa mpango, wanapokezana mizigo mkono kwa mkono, huku wakitaniana. Mumewe akaweka kioo kwenye mkanda unaosogeza mizigo bila kumwambia mtu ni cha nani, kisha akamvuta pembeni.

Kijana wa kwanza alikiona. Akasoma yale maandishi mekundu, akakishika kwa heshima kama anayebeba mtoto mchanga, akakilaza ndani ya gari maandishi yakiwa juu ili mwenzake naye ayaone. Mwenzake akaja na boksi la vitabu. Akatafuta mahali pa kuliweka. Mbele yake palikuwa na kitu kipana, kimelala sawasawa kama meza.

Mume akapaza sauti kabla boksi halijashuka. "Hicho acha."

Mama Vioo alikuwa ameshika kiuno. Kioo kikisimama kwa ubavu hubeba mitikisiko mingi. Kikilazwa na kutwikwa mzigo, hakina nguvu hata kidogo. Hilo alilijua tangu duka la samani. Lakini maandishi alikuwa ameyaweka pale ambapo anayetaka yaonekane ilimbidi akilaze kioo.

"Unaona?" mumewe alisema taratibu. "Wanakutii, ndiyo maana kinavunjika. Wahenga walisema, nyani haoni..." Akakumbuka anaongea na nani, akameza iliyobaki.

"Imalizie tu," Mama Vioo alimwambia. "Leo nimeistahili."

Wakacheka wote wawili, na lile donge la jana likayeyuka hapohapo katikati ya maboksi.

Jioni walimfuata seremala. Mume ndiye aliyechora kwa chaki sakafuni, kwa kuwa alijua mikono ya wapakiaji inavyofikiri: fremu ya vipande vya mbao vilivyobaki, pana chini, nyembamba juu kama paa la nyumba, kioo kimesimama ndani. Hailaziki, wala hakuna kinachokaa juu yake. Seremala alitazama, akakuna kidevu, akasema, "Inawezekana," na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Ilipokamilika, mama mkwe alikataa kuamini maneno matupu. Akaleta beseni lake la kufulia, akaliweka juu ya paa lile. Likateleza. Akaligeuza upande wa pili, likateleza tena na kubingirika mpaka mlangoni.

"Haya," akasema. "Mpelekeeni mtu kioo chake."

Mshonaji alipopigiwa simu alisita. "Dada, utakula hasara kwa ajili yangu."

"Nikikupoteza wewe ndiyo nitakuwa nimekula hasara. Kipokee. Kikivunjika tena, mimi mwenyewe nitakuja kukushikia kioo wateja wako wajitazame."

Siku kioo kilipotarajiwa kufika, Mama Vioo alifunga mizigo vibaya, akaweka chumvi mara mbili kwenye mboga, na simu alitembea nayo hata bafuni. Mchana ikalia.

"Kiko kizima," mshonaji alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakisukumana kujitazama. "Ila nina lalamiko."

Mama Vioo akasimama wima. "Niambie, dada yangu."

"Mteja wangu amejiona mgongoni kwa mara ya kwanza. Anasema gauni linavuta, nilifumue. Miaka yote nimemshonea hivyo hivyo, na hakuwahi kusema neno."

Mama Vioo alicheka hadi akakaa chini kwenye katoni. Waliongea kuhusu mabega, mikunjo na majirani wenye kununa, na kabla ya kukata simu mshonaji akaagiza kingine kidogo, cha dadake.

Siku hizi vioo vyote vinasafiri ndani ya mapaa kama lile, na kule ghalani wapakiaji wanayaita "nyumba za shemeji". Malalamiko hayajaisha. Wiki iliyopita bwana mmoja aliandika kuwa rangi ya fremu si ile aliyoiona kwenye picha. Mama Vioo alisukuma pazia kando, akavuta kiti karibu na dirisha, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Pole sana, kaka yangu," alianza. "Hebu niambie, hapo ulipoitundika, mwanga unaingilia upande gani?"