Rodaji ya Kaske ya Buko Yangu

Miye, muntu mwenye kunyamaza simwamini. Mwenye makelele utajua kile iko mu tumbo yake mbele hata maji ya bukari, ugali yetu, haijachemka. Lakini mwenye kunyamaza? Bakubwa balisema kimya kingi kina mshindo, na miye sipendi kukaa kungojea mshindo ya bantu. Sasa angalia: Mado, mutoto yangu wa pekee, akaenda kuolewa na kimya yenyewe.

Jina yake Kapya, fundi wa motokari mu garaji moja ya mutaa yetu, Kampemba. Alitoka Kasenga kijana, bila baba, akafagia ile garaji mpaka siku bakamupa kazi ya mukono. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Anaweka ncha ya turnavisi, ile bisibisi, ku ngini, mupini anaubandika ku sikio yake, anafunga macho, kiisha anasema ugonjwa iko wapi. Bantu balimusifu. Miye nilijiuliza: muntu mwenye kusikia chuma vile, siri ya bantu itamupita? Na mu ile myaka masikio ilikuwa kintu ya kuogopa. Ukisema jambo mu bar asubui, mangaribi unaulizwa na bantu ya serikali. Kila muntu alikuwa anamuangalia mwenzake.

Kumuuliza miye mwenyewe, hapana. Kwetu buko, yani mukwe, hachezewi. Akiniona njiani anaacha njia, anasimama pembeni, anaangalia chini. Akiwa na neno, anamuambia Mado, Mado ananiambia, hata kama sote tatu tuko pa mulango moja. Hakule mbele yangu, na miye siguse kitanda yake wala nguo yake. Inabaki vile mpaka siku mama wa mwanamuke atapika kuku ya kufungula buko, amukaribishe sawa mutoto yake. Ile kuku sikupika. Bantu baliniuliza, nikasema kuku yangu ingali inakua.

Alors, kulikuwa Mugiriki moja mwenye duka mu ville, alikuwa anarudi kwao. Gari yake ilikufa mbele ya safari, Kapya akaifufua, na Mugiriki akamuachia pikap yake ya kupigia disiki, pamoja na sanduku moja ya Ujerumani, haijafunguliwa. Ndani ilikuwa kaske. Si kaske ya kushuka nayo mu mine, hapana. Kaske ya muziki: bakuli mbili nyeusi ya kufunika masikio, ngozi laini ndani, chuma ya kupita juu ya kichwa, na kamba ya kujikunja. Bantu ya Golf, mutaa ya batajiri, njo balikuwa na bintu ya namna ile, si bantu ya Kampemba.

Siku ya kwanza Kapya alivaa, akavua, akamuambia Mado: «Haijafunguka. Sauti ya chini inasukumana, gitari iko mbali. Inapashwa rodaji.»

Rodaji, kama hujui, ni ile banafanyaka na ngini mupya: unaitembeza polepole, hapana kuisukuma, mpaka byuma bizoeane. Gari mupya balikuwa banaiandika nyuma, en rodage, kusudi mwenye haraka asikasirike. Lakini kaske! Kaske iko na pistoni?

Hii maneno yote naijua sasa. Ile wakati sikujua kitu. Nilifika tu na sombe yangu, majani ya muhogo, ku kichwa, Kapya iko ku kazi, nikapiga hodi, nikaingia mu salon. Pa kiti ya Kapya ilikuwa boga. Boga mukubwa, ya kukomaa, imevaa kaske. Na ile kaske ilikuwa inaimba, sauti kidogo sana, sawa mbu. Inaimbia boga.

Nilitupa sombe chini. «Mado! Mado we! Nani iko anakaa pale?»

Mado alitoka ku jikoni, mikono na unga. «Boga, Mama.»

«Boga naona! Nakuuliza nani iko ndani ya boga!»

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza rodaji: muziki inatembea polepole muchana yote, na boga iko pale kusudi ipanue ile chuma, isimubane Kapya kichwa. Nikamuuliza: na ile boga itakuliwa na nani? Akasema: na siye, Mama. Nikasema miye siile hata kwa dawa, nikaokota sombe yangu, nikatoka.

Jirani yetu Léonie, kiwanja yake inapakana na ya Mado, iko na mudomo bila kifuniko. Nilipomuambia, akahesabu ku bidole. «Mama Mado, sikia. Ao anasikiliza radio ya ng'ambo, na siku moja jeep itakuja kumubeba. Ao iko analisha mufu wake mu ile boga. Ao ni deuxième bureau, mwanamuke ya inje amemupa sauti yake ndani ya disiki, kusudi bibi ya nyumba asisikie.» Ile ya tatu niliicheka. Lakini ilibaki mu kichwa.

Basi nikaanza kufika kila siku. Leo chumvi imeisha, kesho nataka kinu, kesho kutwa nimekuja tu kuona mutoto yangu, ni makosa? Mado aliniletea habari yote. Mangaribi Kapya ananawa mafuta ya ngini, anatoa kaske ku boga, anavaa, anafunga macho. Kiisha anasema: «Leo sauti ya chini imekaa pa nafasi yake.» Siku ingine: «Leo gitari imekuja mbele, nasikia kidole inateleza ku waya.» Siku ingine tena: «Nimesikia mwimbaji anameza mate.» Muntu mwenye akili, mate ya mwenzake inamusaidia nini?

Tuliicheka, miye na Mado, niseme kweli, tuliicheka. Kiisha ikaacha kuwa ya kucheka. Kapya akakataa Mado asivae ile kaske tena. Kulikuwa disiki moja, ile moja tu, alikuwa anaipiga, anarudisha, anaipiga, anarudisha, na hata Mado hakumuonyesha ni gani. Miye nikikohoa pa mulango, anaitia chini ya mutoo ya kiti, anatoka ku mulango ya nyuma. Siku moja nilipita karibu na dirisha, sikuwa nachungulia, nilikuwa napita polepole tu. Nikamuona na kaske ku masikio, anafuta macho na mukono. Mwanaume analia juu ya disiki! Léonie alisema: «Sikukuambia?»

Mado alimuuliza. Akajibu: «Rodaji haijaisha.» Akamuuliza tena, akavaa kaske yake. Mutoto yangu akakonda. Alikuja kwangu, akaketi pa mbabula ya makala, akalia, na bado akasema: «Mama, miye nampenda.» Ile ndio ilinichoma. Tukinyamaza, pengine ule muntu atamuharibu. Tukimutoa, na hakuna kitu, tumevunja nyumba yake bure, na atanichukia mpaka ku kaburi. Nilipima, nikapima. Kiisha nikatuma neno kwa ndugu yangu Nkandu, sababu kwetu ni mujomba njo anamutoa mutoto mwanamuke mu nyumba ya bwana. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, afike. Mado nilimuambia akunje nguo yake. Akaanza kukunja.

Siku ya posho, mbele ya ile siku ya Mungu, Mado iko ku soko, Kapya ku garaji, nikasema: kesho Nkandu ataniuliza ushuhuda, nitamuonyesha boga? Nikaingia. Boga ilikuwa imekwisha kuliwa, kaske ilikuwa pa kiti peke yake. Kintu ya kukaa ku kichwa ya buko yako, hauigusi, ni muziro. Nilijua. Niliinua mutoo, nikavuta disiki.

Sijui kusoma. Lakini ile disiki niliijua mbele hata sijaigeuza, sababu ukingo wake umevunjika kidogo, pale Mado aliipiga na kijiko angali anatambaa. Ilikuwa disiki yangu! Disiki ya Mwansa, bwana yangu marehemu. Mwansa alifanya kazi ku kampani ya mukuba, ile shaba, na siku ya Mungu alikuwa mu orkestre ya kampi, yeye mwenye kupiga chupa ya Fanta na musumari, ti-ki-ti, ti-ki-ti. Muzungu moja alipita na mashini ya kukamata sauti, akakamata wimbo yao moja, ikatoka disiki. Wakati ile miye nilikuwa na mimba ya Mado. Mwansa alikufa na kifua, Mado iko mu shule ya musingi. Ile disiki nilishindwa kuiangalia, njo sababu nilimupa Mado mu sanduku ya ndoa.

Moto ikapanda. Anamufanya nini marehemu yangu? Anamuita? Anamutumisha? Nikawasha pikap, nikaweka disiki, nikaweka sindano, na ile kaske nikaitia juu ya kitambala yangu. Nikasema kama kuna uchawi, inianze miye.

Kwanza kulikuwa kimya. Kampemba yote ikazimika: makelele ya batoto, mitwangio, mbwa ya Léonie. Kiisha gitari ikaingia, na haikuwa mbele yangu, haikuwa nyuma, ilikuwa katikati ya kichwa yangu. Nilisikia kidole inateleza ku waya, sawa Kapya alisema. Nikasikia kiti inalia chini ya muntu. Mwimbaji akavuta pumzi, nikavuta naye. Kweli, bantu balikuwa pale, bazima, na jasho yabo. Na nyuma yao chupa. Ti-ki-ti. Mwansa wangu. Machozi ikatoka mbele sijaiita.

Kiisha nikasikia kingine. Nyuma ya chupa, mwisho wa mustari, muntu anakohoa. Kidogo sana, mudomo umefungwa, anaimeza. Wimbo ikatembea. Tena. Anaimeza, na mukono haukuacha chupa.

Ile kikohozi naijua. Njo ile tulizika.

Lakini sikia vizuri. Mwansa aliniambia ilianza mwaka ya mwisho. «Ni baridi tu, mama.» Kumbe Mado hajazaliwa, na tayari ilikuwa ndani. Nikatia sindano tena. Tena. Iko pale. Nikaketi chini, nikakumbuka ginsi bwana yangu alikuwa anafika ku nyumba, mbele ya kuvua bilatu anawasha pikap. Kwa nguvu! Majirani balilalamika. Nikimuambia punguza, anacheka, anaongeza, anaingia mu chumba. Nilisema ni furaha, bwana yangu anapenda muziki. Myaka yote ile. Miye mwenye kuchungulia boga ya bantu, miye mwenye kushuku hata kivuli, nililala pembeni ya ile kifua na sikusikia, sababu muziki ilikuwa juu.

Nilipoinua macho, Kapya alisimama pa mulango.

Buko yangu ananiona na kaske yake ku kichwa! Sikuvua, sijui juu ya nini, nilifungula tu sikio moja. Naye hakukimbia. Aligeuka, akachuchumaa inje, mugongo ku ukuta, nisione uso yake. Na kwa mara ya kwanza akasema na miye bila Mado katikati.

«Mama, munisamehe. Nilisikia ile kikohozi siku ya kwanza, na Mado alikwisha kuniambia mwenye chupa ni baba yake. Nilisema ni kosa ya kaske. Ngini mupya inapigaka makelele ya uongo, ukiitembeza polepole inaisha. Nikasema rodaji ikimalizika, itapotea.»

Nikainua sindano ku disiki.

«Haikupotea, Mama. Bintu byote bilifunguka, nayo ikafunguka. Nilipiga, nikarudisha, nikisema nimekosea. Mado akisikia atauliza ni nani anakohoa. Na nyinyi, buko anawaambia namna gani maneno ya kifua ya bwana yenu? Nilikosa kinywa.»

Njo kile alikuwa analilia pa kiti, ule mwenye kunyamaza. Alikuwa anamulilia mukwe wake mwenye hajamuona hata siku moja.

Niliitoa ile kaske ku kichwa, nikaiweka pa kiti, nikapita pembeni yake. Nilifika kwangu, nikashika kuku.

Siku ya Mungu Nkandu alifika na koti yake ya maneno mukubwa, na bijana babili ya kubeba masanduku. Akanikuta kwa Mado, natoa manyoya. «Dada, tuko hapa kutoa mutoto ao kula?» Nikasema: «Keti, hapana kuniuliza.» Mado alikuwa na nguo yake imekunjwa pa kitanda, akaniangalia, akaangalia kuku, akakimbia jikoni kuwasha makala, anaimba na kulia pamoja.

Nilipika ile kuku na mafuta ya mawese, nikaiweka mbele ya Kapya na mikono yangu mwenyewe, nikaketi nikimuangalia. Nkandu akasema maneno ya kimila, Mado akapiga vigelegele, Léonie akajibu toka ku kiwanja yake bila kualikwa. Buko ikafunguka. Kapya akakamata bukari, akainua macho, na njo siku ile niliona iko na macho ya mutoto.

Kulikuwa neno moja sijauliza toka jana. Mado alipotoka kuleta maji, nikamusogelea.

«Kapya, mutoto yangu. Weye unajua byuma na makelele yake. Kama ningelisikia ile kikohozi mapema, Mwansa angelipona?»

«Hapana, Mama,» alisema.

Alijibu haraka sana. Hakupima, hakufunga macho hata kidogo, yeye mwenye kusikiliza turnavisi mpaka jua linatua. Muntu mwenye kunidanganya namujua, nimebajua bote maisha yangu yote.

Nikachagua paja, ile kubwa, nikamuongezea pa sahani.