Kiraka cha Bawa la Kushoto

Mtaani humwita Fundi Mabawa. Kwa miaka ishirini na sita amechonga mifano ya mbao ya ndege za abiria za zamani, zile za injini nne, na hajawahi kupanda hata moja. Ana sharti: kila bawa litoke kwenye ubao mmoja, bila kuunga. "Gundi ni uongo unaonata," husema.

Asubuhi hiyo mkewe, ambaye kazi yake ni kupiga msasa, aliisimamisha ndege mpya kwenye mguu wake wa chuma, akachungulia chini ya mabawa. Kisha akauliza, "Baba watoto, rubani alitaka kiraka bawa gani?"

"La kushoto."

"Na hiki je?"

Fundi akatazama: kilikuwa bawa la kulia. Alikichonga ndege ikiwa chali, imebanwa kwenye jiliwa. Ndege ikiwa chali, kushoto huhamia kulia. Kosa la mwanagenzi!

Rubani aliyeiagiza alistaafu zamani, na sasa macho yamezimika. Ndege aliyoirusha ilikuwa na kiraka cha bati chini ya bawa, naye alikipapasa kila mara kabla ya kuondoka. Leo anahamia kwa bintiye, mbali. Angepita saa nne kuichukua, kisha stesheni.

Ilikuwa saa nne kasorobo.

"Mwambie kiraka kimeruka," mkewe alisema. "Si ndege?"

"Usinichekeshe, mama watoto, mkono utateleza."

Alikikwangua kwa patasi, pumzi kaibana. Bawa lilikuwa jembamba kama kisu cha mezani. Akachonga kipande chembamba kama ukucha. Akaitazama chupa ya gundi ambayo mkewe hubandikia soli za viatu, akaifungua, akakibandika chini ya bawa la kushoto.

Nje, honi ikalia.

Mzee aliingia ameshikwa mkono na bintiye. Hakuketi. Vidole vyake vilianzia puani mwa ndege, vikapita madirisha moja moja, vikafika bawa la kushoto, vikazama chini yake.

Kiraka kikasogea.

"Kinatembea," mzee alisema.

"Gundi haijakauka, Kapteni. Nilikosea bawa. Nimekibandika sasa hivi."

Binti akatazama saa. "Baba, treni haitusubiri."

Mzee alikirudisha kiraka mahali pake, taratibu, akakigandamiza kwa kidole gumba.

"Inakauka kwa muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Nipe kiti."