Masele wa Pande Zote

Ukisikia mtu anasema Masele mwana wa Lushinge alihamahama kwa uroho wa nyama, jua huyo hakumfahamu. Nyama alikula, hilo halina ubishi, lakini tumbo lake lilikuwa dogo kama la mtoto wa shule. Kilichokuwa na njaa ni masikio yake, nayo yalikuwa na njaa ya neno moja tu: karibu.

Kijiji chao kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Mwakitolyo, na miaka ile ya ishirini hakukuwa na chama wala kadi. Kulikuwa na ngoma. Mtu alikuwa ama Mgika ama Mgalu, na wawili hao hawakunywea kibuyu kimoja. Baada ya mavuno pande zote mbili zilicheza uwanja mmoja, siku moja, kila upande na ngoma zake, na watazamaji wakaachwa waende wanakotaka. Palipojaa watu ndipo penye ushindi. Hapakuwa na hakimu, hapakuwa na karatasi. Miguu ya watu ndiyo iliyoamua. Na ili miguu hiyo ivutike, kila upande ulikuwa na dawa yake. Ukijiunga, unachanjwa chale, unapakwa dawa, basi, umekwisha kuwa wao.

Masele aliingia kwa Wagika mwaka 1923, ndevu zake zikiwa bado za kuhesabika. Akachanjwa mikononi. Kiongozi wao, Maduhu, akamchinjia mbuzi na kumkalisha kigoda cha mbele, na kila alilosema watu waliitikia kwa vichwa. Miezi mitatu baadaye Maduhu akamwambia, "Masele, hebu beba hiyo ngoma kubwa." Akabeba. Juma lililofuata akabebeshwa tena. Juma la tatu alikuwa kwa Wagalu.

Huko alihutubia. Aliwaambia amewakimbia Wagika kwa sababu wanatukuza miguu na kudharau wimbo, na mtu asiyeheshimu wimbo hawezi kumheshimu hata mama yake. Wagalu wakatokwa na machozi. Kiongozi wao, Makoye, akachinja. Masele akachanjwa mabega. Miezi mitatu, ngoma kubwa. Akarudi kwa Wagika kuwaeleza kwamba wale Wagalu wanaimba kama watu wenye homa na kwamba ngoma ni miguu, tangu zamani ni miguu. Akachanjwa kifua.

Ikawa hivyo. Reli ilipopita Isaka alikwenda kukaa na wafanyabiashara wa pwani, akasilimu, akaitwa Hatibu, akakalishwa mkeka wa mbele. Mfungo wa pili ulipofika wakamtuma kisimani, akarudi kijijini kuwa Mgalu. Akapitia kwa wamisheni, ndipo binti yake akapata jina la Zipora. Akaenda machimbo ya dhahabu kule Geita, na inasemekana aliwahi kuwa katika makundi mawili ya wachimbaji kwa siku moja, asubuhi huku, jioni kule, akiyasema vibaya yote mawili.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumkaribisha kama mgeni ni mkewe, Mbuke.

"Baba Zipora," alimwuliza siku moja akipepeta mtama, "kwani wewe unaamini nini hasa?"

"Naamini haki, Mama Zipora."

"Haki hiyo inakaa wapi?"

"Kwa sasa iko kwa Wagalu."

"Basi ikipita hapa iambie kuni zimekwisha."

Mwaka 1935 mwanangwa wao, yaani mkuu wa kijiji, alifariki. Mtemi wa nchi ile alikuwa mtu wa kupenda njia ya mkato. Akatangaza kwamba kiongozi wa ngoma itakayoshinda mavuno yale ndiye atakayekalia kiti, kwa sababu anayevuta watu ndiye atakayeweza kuwaamuru. Masele aliposikia hakulala. Kiti cha mwanangwa kiko mbele siku zote. Hakuna wa kumwambia mwanangwa abebe ngoma.

Akaenda kwa Makoye. "Nipe uongozi wa Wagalu, nitakuletea watu mpaka wakanyagane."

"Ng'wana Lushinge," Makoye akasema, "miezi mitatu imetimia. Ngoma kubwa inakungoja."

Akavuka kwa Maduhu. Maduhu alikuwa mzee sasa, magoti yanamsumbua, na kazi ya kuwa chini ya Mtemi ilimtisha. Akakubali Masele aongoze siku hiyo, ila achanjwe kwanza, maana aliyetoka kwa Wagalu lazima atiwe dawa upya.

Asubuhi ya ngoma akapelekwa kwa mganga wa Wagika, mzee Nkwabi. Nkwabi alimvua shuka, akamzungusha kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hapa nitaweka wapi?" akauliza. "Mikono imejaa. Mgongo umejaa. Hapa shingoni ni kazi ya Wagalu hii, ovyo kabisa."

"Tafuta, baba."

"Zimebaki nyayo."

"Basi nyayo."

Nkwabi akachanja nyayo, akasugua dawa ya kuvuta watu, ambayo nusu yake, kwa desturi ya mzee huyo, ilikuwa pilipili.

Ngoma zilipolia, Masele aliingia uwanjani akitembea kwa visigino. Jua la saa saba lilikuwa limeupika mchanga. Alipokanyaga vizuri mara ya kwanza aliruka juu futi tatu. Alipotua akaruka tena. Akazunguka kwa mguu mmoja, akabadili, akatambaa kwa magoti, akasimama kwa mikono. Watu wa Makoye walikuwa wanaimba wimbo mzuri mno, lakini nani atasikiliza wimbo na kule kuna mtu anaruka kama mahindi kwenye kikaango? Umati wote ukahamia kwa Wagika. Wachezaji wa Wagalu wenyewe wakaacha ngoma wakaenda kutazama.

Kama angetulia hapo angekuwa ameshinda kwa jina la Wagika na hadithi ingekwisha. Hakuweza kutulia. Aliona lambo wanakonywea ng'ombe, upande wa magharibi, akakimbia. Umati ukafikiri ni sehemu ya mchezo, ukamfuata. Wagika nao wakamfuata kiongozi wao. Mtemi alipoinua macho, uwanja ulikuwa na mbuzi wawili. Watu wote walikuwa wamezunguka lambo, na Masele katikati, maji kiunoni, amefumba macho kwa raha.

Mtemi akateremka mpaka ukingoni. "Wewe uliye majini, ni wa upande gani?"

"Wetu," akasema Maduhu.

"Tulimlea sisi," akasema Makoye.

Masele alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake pande zote zilikuwa zinamtaka kwa wakati mmoja. "Mtemi," akasema, "mimi ni wa watu."

Akapewa kiti.

Majuma matatu alikuwa na furaha. Kisha akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: mwanangwa hasikilizwi, husikiliza. Alfajiri watu walikuwa mlangoni na kesi za ng'ombe walioingia mtamani. Boma la Mwingereza likiagiza lambo lichimbwe, yeye ndiye wa kuwatoa watu mashambani. Alipokaribia mji wa mtu, mwenye mji alijificha nyuma ya ghala, na watoto wakajibu, "Baba amesafiri."

Siku moja alipita kwa Makoye akakuta wanaume ishirini wameinamiana zizini.

"Mnazungumza nini?"

Makoye akakohoa. "Shikamoo, mwanangwa. Tunakushtaki kwa Mtemi."

"Kwa lipi?"

"Umetuchimbisha lambo siku za palizi."

Masele akafikiri. "Na wale vijana niliowazuia kucheza ngoma mwezi mzima, hilo mmelisahau?"

Wakatazamana. Mmoja akasogea, akatoa kigoda. "Karibu, ng'wana Lushinge," akasema. "Karibu ukae."

Kule barazani kwa Mtemi msemaji wao alikuwa Masele. Alisema kwa saa nzima. Alieleza ukatili wa mwanangwa yule mpaka wazee wakatikisa vichwa.

"Mshtakiwa yuko wapi?" Mtemi akauliza.

"Ndiye mimi, Mtemi."

"Una la kujitetea?"

Masele akavuka, akakaa upande wa mshtakiwa. "Mtemi, usimwamini msemaji wao. Yule ni mtu wa kuhamahama." Kisha akarudi upande wa pili kusikia hukumu.

Mtemi alimwondoa, akamweka Maduhu.

Mbuke alisikia vigelegele, akatoka nje, akaona umati unapanda mlima na mumewe mabegani mwa watu.

"Kuna nini?" akamwuliza.

"Mwanangwa ameondolewa, Mama Zipora."

"Si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Na aliyemwangusha ndiye mimi."

Mbuke aliwatazama wale waliombeba, wanaume wazima, jasho linawatiririka. "Mwekeni chini basi," akasema, "na mkitoka hapa anayeelekea msituni aniletee kuni, maana huyu leo hatanisikia."