Wafalme wa Frateri

Shaba ya kale ina harufu yake. Fumba sarafu kiganjani mpaka ipate joto, kisha fumbua unuse: utapata harufu ya msumari uliolowa mvua, yenye chumvi kidogo, na haitoki upesi hata ukinawa. Mimi nikiambiwa nichague harufu moja tu ya utoto wangu nitaichagua hiyo, niache ulanzi wa mianzi na moshi wa kuni za miwati na mahindi ya kuchoma, na wanaonijua wananishangaa. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, barazani kwa Baba Mkubwa, jirani na Tosamaganga, Iringa, katika kipupwe cha mwaka ule baba yangu alipofariki. Asubuhi ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni mpaka unaingia ndani kwa watu bila hodi, tukawa tunaisikia kengele ya kanisa na kanisa lenyewe hatulioni. Mimi nilikuwa mtoto wa Igawa, niliyezoea jua kali na vumbi la malori ya Zambia. Niliamini kabisa kwamba huku Mungu alifungua friji akasahau kuifunga.

Baba yangu alikuwa fundi matairi pale Igawa, kando ya barabara kuu, na mama, Msangu wa huko huko Mbarali, alikuwa anawapikia madereva wali na maharage kwenye kibanda cha jirani. Baba alipofariki, kwa homa fupi ambayo hatukuwahi hata kuipatia jina, tulimleta kuzikwa kwao Uheheni, na siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa. Baba Mdogo, ambaye hajawahi kuona kikao asikisemee, alisema mwanamke bado kijana, arudi kwao, na mtoto apelekwe kwa shangazi Mafinga akasaidie kulea. Mtoto ndiye mimi, nimekaa hapo hapo kwenye mkeka, nimeshika upindo wa kitenge cha mama. Ndipo kaka yao mkubwa, ndiye Baba Mkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, akasema tukae kwake kwanza mpaka baridi ipungue, na kwamba wataongea tena baada ya sikukuu ya somo wake. Somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake, alikuwa Mtakatifu Augustino, na sikukuu yake huangukia mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo tulikuwa na Juni, Julai na Agosti za kuwa mtu na mama yake, na baada ya hapo hatukujua.

Baba Mkubwa kijiji kizima kilimwita Frateri, kama waitwavyo wanaosomea upadri, na hadi anazeeka jina hilo halikumtoka. Ujanani alipelekwa kusoma upadri Roma, akiwa tegemeo la mama yake na parokia yote, na ng'ombe wa sherehe alishatengwa. Akaacha kabla ya kupewa daraja la upadri. Kwa nini, hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Watu walitazamia arudi na kalisi ya misa, akarudi na sanduku la sarafu zilizochakaa, akawa mwalimu wa historia, hakuoa, hakuzaa. Unaweza kuwaza walivyomcheka. Bibi yangu, mama yake mzazi, ndiye peke yake hakucheka. Alimpikia kuku kila sikukuu ya somo wake mpaka alipofariki, na baada ya hapo siku hiyo ikawa siku kama nyingine.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakusubiri hiyo ya tatu. Tulipewa nyumba ndogo ya uani, na alfajiri ya kwanza tu alikuwa ameshafagia uwanja wote, kabla jogoo hajamaliza usemi wake. Alilima bustani, alichota maji, alikandika ukuta wa jiko, na masufuria ya Frateri, ambayo yalikuwa meusi tangu enzi za bibi, aliyasugua kwa majivu na mchanga na gunzi la mahindi mpaka unajiona meno. Kwao Mbarali mwanamke hupimwa kwa sufuria lake. Alikuwa haongei sana siku zile. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kilichojaa Kisangu, na mbele ya shemeji yake msomi alikuwa anaona haya, basi shukrani zake zote zilikuwa zinatokea mikononi. Mimi nilikuwa najua anachofanya. Alikuwa anatengeneza sababu ya sisi kubakizwa.

Wakati yeye anajimaliza na kazi, mimi nilikuwa nakula raha barazani. Jua likishatoka kwenye ukungu Frateri alikuwa analeta sanduku lake la mninga, anaweka mezani, ananiruhusu kumshika Kaisari mmoja, yaani sarafu yenye sura ya mfalme wa Roma ya kale. Mmoja tu kwa siku, na kwa kingo, vidole viwili. Ndani ya sanduku kulikuwa na trei zilizochongwa vishimo vya duara, kila kishimo kimetandikwa kitambaa chekundu, kila Kaisari na kitanda chake. Alikuwepo Augusto, ambaye Frateri alimwita wajina. Alikuwepo Nero mwenye mashavu, Hadriano mwenye ndevu, malkia Faustina aliyesuka nywele vizuri kuliko msusi yeyote wa Igawa, na Vespasiano, mzee mwenye shingo nene na pua ya kugombana, ambaye Frateri alimpenda kuliko wote kwa sababu, alisema, anafanana na babu yetu. Alipokuwa Roma alikuwa akiwanunua Jumapili, kwa wazee waliotandaza vitu chakavu chini kwenye magulio ya kule, wenzake wanapokwenda kula aiskrimu. Hata baada ya kurudi, rafiki yake mmoja aliyebaki huko na kuwa padri alikuwa anamtumia Kaisari mmoja kila Pasaka ndani ya kiberiti, kwa mkono wa sista yeyote anayekuja. Mtu huyu alikusanya ufalme wa Roma kiberiti kwa kiberiti, huko huko Iringa.

Nami nikaanza kukusanya vya kwangu, vizibo vya soda na senti za zamani zenye tundu, nikavipanga kwenye trei ya mayai. Frateri alivikagua kwa heshima zote. Alinifundisha kwamba kukusanya si kurundika. Mkusanyaji anajua kila kitu chake kimetoka wapi na kinalala wapi. Na alinifundisha amri moja kubwa siku niliponyanyua Vespasiano, kahawia na kijani kama jani la ukoka lililokauka, nikataka kumpangusa kwa mate.

"Huo si uchafu, Anjela," aliniambia. "Hiyo ni ngozi yake. Imemwota ardhini miaka ambayo hata ukoo wetu haujui. Ukiitoa, hairudi."

Mama hakuyasikia hayo. Kwa heshima ya shemeji hakuwahi kukaa nasi barazani. Alikuwa anapita na ndoo yake, anatutupia jicho, anaenda zake jikoni.

Asubuhi ya sikukuu ya Augustino mimi na Frateri tulikwenda misa, mama akabaki. Alikuwa ameniambia jana yake kwamba atapika mchele wa kwao, ule kilo mbili aliokuja nao kutoka Mbarali na kuuficha kwa ajili ya siku muhimu, na atachinja jogoo wake mwenyewe. Tuliporudi harufu ya wali ilitupokea njiani. Ndani, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na katikati ya meza liko sanduku la mninga, wazi. Wafalme wote walikuwa wanang'aa. Wengine njano, wengine wekundu, kama koki mpya za dukani. Mama alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono kwenye kitenge, ncha za vidole zimechubuka, na alikuwa anatabasamu. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Karibu, Shemeji," alisema. "Heri ya somo. Nimekuogeshea na wafalme wako. Walikuwa wamechakaa, jamani."

Alikuwa amewasugua mmoja mmoja kwa majivu, mchanga na limau. Shukrani ya punda ni mateke, husema Waswahili. Shukrani ya mama yangu ilikuwa hii, na ilitoka kwenye moyo mweupe kabisa. Mimi mdomo ulishafunguka niseme, na mkono wa Frateri ukanitua begani, mzito. Akasogea mezani. Akamnyanyua Vespasiano kwa kingo, vidole viwili, akamgeuza dirishani. Pua ilikuwa imekwenda. Nywele za Faustina zilikuwa zimelala, huwezi kujua tena kama alisuka au alinyoa. Aliendelea kumgeuza mpaka tabasamu la mama likaanza kurudi lilikotoka, na mimi nikamwona shangazi wa Mafinga akija kunichukua.

"Shemeji," Frateri alisema, "hivi ndivyo walivyong'aa siku ya kwanza, walipotoka kwa fundi. Sikuwahi kuwaona hivi. Ahsante sana."

Akaketi, akala, akaongeza wali, akaomba na ukoko. Mama alikuwa anazunguka meza kwa furaha, hajui akae wapi. Baada ya chakula Frateri alitoka nyuma ya nyumba kupasua kuni, na kwa kuwa shoka lilikuwa halisikiki nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye gogo la mkaratusi, analia, mtu mzima na koti lake la misa. Nikasimama tu. Aliponiona alinivuta karibu, akajifuta kwa kiganja.

"Tangu bibi yako afariki," alisema, "hakuna mtu aliyenifanyia sikukuu. Mama yako asijue neno. Umenielewa?"

Nilimwelewa, ingawa kuna sehemu ambayo nilikuja kuielewa nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Kesho yake ukoo ulikaa. Baba Mdogo alikohoa, akasema baridi imekwisha, mambo ya wageni yanasemwaje. Mama alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, na vitu vyetu alikuwa ameshavifunga kwenye furushi kwa sababu hakutaka kuaibishwa kwa kufungashwa. Mimi ndiye niliyejua kilichompata Frateri jana yake, na nilijua neno moja tu kutoka kwake lingetosha, wala hakuna ambaye angemlaumu.

"Aende wapi?" Frateri alisema. "Na wafalme wangu atawasugua nani? Wewe?"

Watu wakacheka, Baba Mdogo naye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Tulikaa kwenye nyumba ile mpaka namaliza shule. Furushi lilifunguliwa jioni ile ile.

Sasa kasheshe ni kwamba aliyesifiwa kwa jambo hulirudia. Mwaka uliofuata, Agosti ilipokaribia, mama akaanza kukusanya majivu. Na Frateri, sikufichi, ndiye aliyemletea limau. Mwaka hadi mwaka ikawa desturi: yeye anashika karai, mama anasugua, wanapiga soga. Hapo ndipo mama alipoacha kuona haya kwake. Nilikuwa nawasikia wanacheka kutoka chumbani. Nikiwa na miaka kumi na mitano, kichwa kimejaa vitabu, nilimvamia Frateri nikamuuliza anawezaje kukaa pale anaangalia. Alinijibu kwamba kilichoharibika kilishaharibika siku ile ya kwanza, na tangu hapo hawasugui tena makaisari, wanakaa tu pamoja. Wema hauozi, sawa, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuukarimu hivyo, kila mwaka, kwa limau.

Frateri amekwishafariki, apumzike kwa amani, na sanduku alimwachia mama, si mimi. Mama anaishi nami hapa Mbeya, ninakofundisha. Mwaka fulani nilijiunga na kundi la wakusanyaji kwenye simu nikatuma picha ya Vespasiano, nipate tu kusikia watu wakizungumza lugha ya barazani kwetu. Walinishukia kama siafu. Mmoja aliuliza ni mnyama gani aliyeifanyia sarafu hiyo unyama huo. Nikaandika, "Ni mama yangu, alikuwa anashukuru," kisha nikafuta, nikatoka kwenye kundi. Hawakuwa wabaya, walikuwa na haki. Ila siku hizi naona kila mtu yuko tayari kumsahihisha mwenzake kabla hajakaa, nami mwalimu ni wa kwanza, kalamu nyekundu iko mfukoni. Mimi nimekulia kwenye nyumba niliyoipata kwa sababu mtu mmoja, aliyekuwa na haki zote, alimeza neno lake. Nami nakuomba, msomaji: mama hasomi zaidi ya kitabu cha sala, lakini ukikutana naye sokoni Mwanjelwa anachagua limau, nyamaza.

Natumia gesi, majivu sina. Agosti iliyopita nilikwenda kuyaomba kwa mwanamke anayechoma mahindi pale kituoni, akanicheka, akanipa kopo zima. Mama alikaa uani kwenye kigoda, goti lake baya amelinyoosha, nami nikashika karai. Nyuso zimeisha kabisa sasa. Tunawajua makaisari kwa vitanda vyao tu. Akamwinua Vespasiano, ambaye pande zote mbili ni laini, akamtazama.

"Hivi, Anjela," aliniuliza, "Frateri alifurahi kweli nikiwasugua hawa, au alikuwa ananistahi tu?"

Nilikumbuka gogo la mkaratusi.

"Aliniambia tangu bibi afariki," nilisema, "hakuna mtu aliyemfanyia sikukuu, ila wewe."

Mama alijifuta jicho kwa mgongo wa mkono, mkono wenyewe umejaa majivu. Kisha akamlaza Vespasiano kitandani kwake.

"Haya," alisema, "nipe limau jingine."