Pitia Huku, Hakuna Watu

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Nimefanya kazi ya mapokezi hotelini miaka mingi, na mtu wa mapokezi husikia visa vya kila aina, hutabasamu, humpa mgeni ufunguo wake na kumtakia usingizi mwema. Hiki sikusimuliwa na mgeni. Kilinipata mwenyewe, mchana, jua likiwaka na watu wamejaa tele, na ushahidi ninao kooni mpaka leo.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya uhuru. Hoteli yetu ilikuwa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Nasema hoteli, lakini yalikuwa makontena yaliyopangwa mstari na kutiwa viyoyozi. Wakenya tulikuwa wengi mjini, kwenye mabenki, mashule na mashirika, na siku ya mapumziko hatukuwa na pa kwenda. Unakwenda mtoni, unakula samaki, unarudi kulala. Ndiyo maana watu walipoanza kupanda Jebel Kujur, kila mtu akataka kupanda.

Jebel ni mlima kwa Kiarabu cha Juba, na kujur ni mganga, yule wa kuogopwa. Mlima wenyewe si mrefu. Uko magharibi ya mji, mawe na nyasi, na unauona ukiwa mtaa wowote. Sasa Mkenya akikiona kilima kama kile atasemaje? Nchi yetu imepewa jina la mlima, basi kila mmoja wetu anadhani kazaliwa anajua kupanda, hata yule ambaye hajawahi kupanda kitu zaidi ya ngazi za ghorofa Kayole.

Tulikwenda watatu, Jumatatu ya Pasaka. Nduta alikuwa rafiki yangu, binti wa benki, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ndiyo maana aliniita mathe. Wa tatu alikuwa Taban, muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa Kajo-Keji aliyekulia ukimbizini Uganda na kurudi kwao baada ya amani. Alikuwa mteja wa Nduta, na pikapu ilikuwa yake.

Tuliondoka saa sita mchana kwa sababu Nduta alikuwa anasukwa nywele. Saa sita, wakati watu wenye akili wameshashuka wako nyumbani wananawa miguu. Nduta alivaa raba mpya ambazo soli zake zilikuwa laini kama kigae. Mimi nilibeba sufuria ya pilau, nimeifunga kwa leso yenye maua mekundu kama ile niliyojitanda kichwani. Maji tulikuwa na chupa moja, watu watatu. Usiniulize tulifikiri nini. Tulifikiri tutakula kileleni tupige picha.

Pale chini tulikuta umati. Kulikuwa na kwaya nzima na ngoma zake, wazungu wa mashirika na fimbo zao, wanajeshi wasio zamuni, akina mama wamebeba watoto mgongoni na ndara miguuni. Na njia ni moja tu. Vita viliacha mabomu ardhini mle mlimani, na waliokuja kuyatoa walipaka mawe rangi: upande mweupe pita, upande mwekundu usithubutu. Kwa hiyo wanaopanda na wanaoshuka wote walisukumana kwenye kijia kile kile. Wa juu wakikanyaga vibaya, mawe yaliporomoka yakawapiga wa chini kwenye miundi ya miguu. Wengine walichoka kungoja, wakawa wanapitia nje ya mawe mekundu, hatua mbili tatu, kisha wanarudi ndani wakicheka. Niliona vijana wawili wameyakalia yale mawe mekundu wanakula mahindi.

Kabla hatujaanza kupanda, Taban alituambia jambo moja.

"Huku juu hapana ita mutu jina," alisema. "Wazee ya kwetu iko nakataza. Kama unataka mutu, piga mluzi, ama gonga jiwe. Jina, hapana."

"Kwa nini?" Nduta akauliza.

Taban akacheka. "Jebel iko nasikia. Ikisikia, nashika."

Niamini, hakusema kama mtu anayeamini sana. Alisema vile sisi tunavyoambiana tusifagie nyumba usiku. Tukacheka wote, tukaanza safari.

Haikuchukua muda kwaya ikatukata katikati. Taban alikuwa mbele kabisa, Nduta nyuma yake, na mimi na sufuria yangu nimeachwa nyuma kwa waimbaji wa soprano. Sasa mtu akipotezana na wenzake kwenye umati anafanyaje? Anaita. Nikaita.

"Nduta! Umefika wapi?"

"Niko huku, mathe!"

"Nduta, ningoje! Taban, mshike mkono hapo!"

Na si mimi peke yangu. Kila mama alikuwa anamwita mwanawe, kila kijana anamwita mwenzake. Mlima mzima ulijaa majina ya watu.

Karibu na kilele kuna mwanya kati ya mawe mawili makubwa, mtu anapita mmoja mmoja. Hapo foleni ilisimama kabisa. Jua lilikuwa limetuchoma, chupa ya maji ilikuwa kwa Taban, na Taban alikuwa ameshavuka mwanya. Nilimwona Nduta mbele yangu kidogo, blauzi yake ya manjano, anapepea uso kwa kiganja. Nikatua sufuria nipumzike.

Ndipo nikasikia sauti.

"Nduta. Pitia huku. Hakuna watu."

Ilitoka kushoto, ng'ambo ya mawe mekundu, nyuma ya jabali lenye nyasi ndefu. Na ilikuwa sauti yangu.

Utaniuliza nilijuaje. Watu wengi hawaijui sauti yao, wakiisikia kwenye kinasa wanaikana. Mimi naijua. Ile mashine ya simu ya hoteli ilikuwa na sauti yangu, karibu, tafadhali subiri kidogo, na niliisikia kutwa nzima kila siku ya kazi. Niliisikia pale mlimani midomo yangu ikiwa imefungwa.

Nduta aligeuka upande ule bila wasiwasi. "Nakuja, mathe," akasema, akatoka kwenye foleni.

Hakuna aliyemshangaa. Watu walikuwa wanafanya hivyo tangu kule chini. Alipita katikati ya mawe mawili mekundu akaingia kwenye nyasi, na wanawake wawili wa kwaya waliokuwa nyuma yake wakaanza kukunja sketi wamfuate.

Nikapiga kelele. "Nduta, simama!"

Kule juu ile sauti ikajibu, taratibu kabisa, "Nduta, simama hapa nilipo. Nakungoja."

Wewe ungeifuata ipi? Yangu ilikuwa imejaa hofu, imepasuka. Ile nyingine ilikuwa tulivu, ya mtu wa mapokezi anayejua kazi yake. Nduta alisita kidogo, kisha akaendelea kuelekea kwenye utulivu. Niliogopa, sitaficha. Nilijua nikiita tena nitakuwa naisaidia. Kila nililolitamka, ile ililichukua.

Basi nikakumbuka Taban alivyosema, gonga jiwe. Nikaifungua leso, nikang'oa kifuniko cha sufuria, nikaokota jiwe nikagonga. Niligonga kwa nguvu zangu zote, pilau likamwagikia miguu ya watu. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Wale wa kwaya wakarudi ndani. Na Nduta akageuka.

Aliniona chini yake, na kifuniko mkononi. Akatazama tena kule alikokuwa anakwenda. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, na sitaki kuuona tena.

Taban alikuwa amesikia kelele, akarudi akiwasukuma watu kwenye mwanya. Akasimama ukingoni mwa mawe mekundu, akasema polepole, "Hapana kimbia. Angalia nyasi ile umelalisha. Weka mguu pale pale ulikanyaga."

Nduta akaanza kurudi, mguu mmoja, mguu wa pili. Ngoma zikakoma. Katikati ya njia, zile raba mpya zikateleza. Akapiga goti, na jiwe likachomoka chini yake likaporomoka kuelekea upande wa nyasi. Tulilisikiliza jiwe lile likigongagonga mpaka likatulia. Hakikulipuka kitu. Taban akanyoosha mkono akamvuta.

Alikaa chini karibu yangu.

"Nilikuona pale, mathe," akasema. "Ulikuwa umenipa mgongo. Leso kichwani ni hii hii. Nikajiuliza umenipita saa ngapi. Tena ukawa huna sufuria, nikadhani umempa mtu."

Nilitaka kumjibu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Tulishuka bila kufika kileleni. Sauti yangu haikurudi siku ile wala wiki ile. Daktari wa zahanati alinimulika kooni akasema koo ni zima, ninywe maji ya ndimu. Hotelini walinihamishia stoo ya mashuka. Sauti iliporudi walinirudisha mapokezini, lakini ilikuwa hii unayoisikia, nzito na ya kukwaruza. Nilipompigia mama yangu Murang'a, alisikiliza kidogo akauliza nani amechukua simu ya mwanawe, akakata. Nililia siku hiyo. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kusema.

Nduta aliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Mpaka leo ukimwita akiwa jikoni haitiki. Lazima aje mpaka mlangoni, akuone uso, ndiyo aseme naam. Mumewe anadhani ni kiburi.

Ningedhani yote hayo yamekwisha kama si Taban. Mwaka uliofuata, Jumamosi moja jioni, aliingia mapokezini na vumbi la mlima kwenye viatu. Alikuwa amewapeleka wateja wake Jebel. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya meza, akaitazama midomo yangu.

"Leo wewe ilikuwa wapi?" akauliza.

"Hapa. Tangu asubuhi."

"Mimi nasikia wewe kule. Ile sauti yako ya zamani." Akaonyesha upande wa mlima. "Iko nasema, Taban, pitia huku, hakuna watu."

Nilikumbuka kwamba jina lake pia nililiita siku ile. Nilimpa kiti, hakukaa. Tangu hapo wageni wawili watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza ni mama gani Mkenya anayewaelekeza watu kule juu, mpole sana, anayejua majina yao. Mmoja alisema inafaa apewe kazi hotelini.

Basi sikiliza. Ukienda kupanda mlima, wowote ule, toka mapema, vaa viatu vinavyoshika, beba maji kabla ya pilau. Ukikuta foleni, ngoja zamu yako hata kama jua linakuchoma, kwa sababu mahali pasipo na watu pana sababu ya kukosa watu. Na ukikwama kwenye mwanya ule wa Jebel Kujur, ukasikia sauti nzuri ya mwanamke inakuita kwa jina lako uende upande wa mawe mekundu, usiitike. Sauti hiyo ni yangu, sikatai. Lakini mimi siko huko.