Senti Kumi Chini ya Uzi Mnene

Katika bendi za dansi mpiga besi husimama nyuma, na jina lake hukumbukwa mwisho. Kaanaeli Akyoo haoni tatizo hapo. Alikulia Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, na tangu ujana alipuliza tuba, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, katika bendi ya tarumbeta ya kanisa la Kilutheri. Kazi ya tuba pale ni kushika noti ndefu mpaka ubeti uishe, bila kuyumba. Siku hizi, mchana hufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa mjini Arusha. Jioni hupiga gitaa la besi la umeme, ambalo bendi yake ililinunua mwaka huu wa 1959 kwa mwanamuziki wa hoteli aliyehamia Nairobi.

Gitaa hilo nusura limpotezee nafasi yake. Amplifaya ya bendi ni ndogo, na tarumbeta ziliimeza besi. Lesikar, kiongozi wa bendi na mpiga saksafoni, alimwambia bila kuficha: besi isiposikika vizuri kwenye dansi la Jumamosi, ukumbini Kaloleni, atatafutwa mpigaji mwingine.

Chini ya nyuzi za gitaa hilo kuna kinasa sauti: koili ya waya, sumaku, na skrubu nne za chuma, moja chini ya kila uzi. Skrubu ikisogezwa karibu na uzi, sauti huongezeka. Kaanaeli akachukua bisibisi, akazipandisha zote mpaka karibu ziguse. Lilikuwa kosa la mtu wa tuba: huko, anayetaka sauti kubwa huongeza pumzi, basi.

Ijumaa, mazoezini, besi ilisikika mpaka barabarani. Lakini uzi mnene uliyumba.

"Besi yako imelewa, bwana," Lesikar alisema.

"Nimeshazikaza nyuzi. Haitulii."

"Basi itatulia kwa mwenzako."

Nyumbani Kaanaeli alifanya kama kanisani. Aliupiga uzi mnene mara moja, akaweka sikio kwenye mbao za gitaa, akaisikiliza noti mpaka ikafa. Ilipanda na kushuka, kana kwamba mkono unauvuta uzi. Mkono huo ulikuwa sumaku, iliyouvuta uzi kupitia skrubu iliyopanda mno. Akaishusha skrubu kidogo, akapiga tena, akasikiliza tena mpaka mwisho. Subira hiyo ni adimu kwa wapiga dansi.

Kipimo chake kilikuwa senti kumi, ile ya shaba yenye tundu, ambayo sumaku haiivuti. Chini ya nyuzi nyembamba aliacha nafasi ya sarafu moja. Chini ya uzi mnene, mbili.

"Umeipunguza sauti," mkewe, Penina, alisema. "Lesikar si anataka kubwa?"

"Anataka kusikia. Hii ataisikia."

"Na asipoisikia?"

"Nitarudi kwenye tuba. Nitafanyia mazoezi humu ndani."

"Tuba tena? Basi na isikike."

Jumamosi Penina alisimama mlangoni mwa ukumbi, mbali na amplifaya. Walikubaliana ainue mkono akiisikia besi. Wimbo wa kwanza haukufika katikati, mkono ukawa juu. Besi haikuwa na kishindo cha Ijumaa, ila kila noti ilifika nzima, na wachezaji waliifuata kwa miguu.

Lesikar hakumsifu. Wimbo ulipokwisha aligeuka tu.

"Unaofuata, anzisha wewe. Peke yako."

Kaanaeli aliupiga uzi mnene, akaiacha noti ilie mpaka mwisho wake, tarumbeta zikingoja.