Kisanduku Chumbani mwa Mwenye Eda

Kwa yule Mzungu aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao, mimi nilifuata simu isiyo na waya. Siku ya pili niliirudisha. Nyumba niliyopanga Ukunda, karibu na Kona ya Musa, ina kuta nene za mawe ya matumbawe. Kitako cha simu kikiwa chumba cha nyuma na wewe uko dukani mbele, ulichosikia ni kama chumvi inakaangwa. Pesa hakutaka kurudisha. Nikamwambia basi anibadilishie, nikaonyesha visanduku viwili vyeupe vilivyotupwa kwenye kapu la mabaki.

Akanieleza: kimoja unakichomeka kwenye soketi iliyo karibu na simu, kingine kwenye soketi yoyote ya nyumba hiyo hiyo, na simu inapita ndani ya nyaya za stima. Nikamwuliza mara mbili, akajibu vilevile mara zote mbili. Nikamwomba aongeze na mkeka. Akaongeza.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, kutoa nakala, na kile kitu kipya kilichowafanya watu wasimame mlangoni kutazama, barua pepe. Kompyuta ilikuwa yangu. Laini ya simu ilikuwa ya mwenye nyumba, mama wa makamo aliyeishi vyumba vya nyuma, na simu yenyewe ilikaa chumbani kwake, pembeni mwa kitanda. Waya niliouvuta uani ulitafunwa na mbuzi wake. Nikautia viraka, wakautafuna tena, nadhani viraka viliwanogea.

Kisha mumewe akafariki, akakaa eda. Mwanamume asiye maharimu wake hakuruhusiwa kuvuka ule mlango, na mimi, ingawa ni mwanamke, sikuweza tena kuingia na kutoka na nyaya zangu huku wanawake wamejaa humo wanasoma Kurani. Ndipo visanduku vikapata kazi. Nilimpelekea chake nikamweleza kwa haraka, kama mtu aliyeacha duka wazi: "Bimkubwa, hiki kinachukua sauti za humu, kinazipitisha ukutani mpaka kwangu." Akakitazama kitambo. Akasema haya, kiweke.

Kikafanya kazi, isipokuwa fundi wa jirani alipochomelea vyuma. Alivuta stima kutoka kwenye mita yetu, na kila alipogusisha chuma, modemu inayounganisha kompyuta yangu na simu ilikata. Nikajizoeza kutuma barua jioni, akishafunga.

Mdogo wangu alikuwa mhudumu hotelini Diani hadi watalii walipokauka na hoteli ikafunga milango. Aliandika kuomba kazi kwenye meli, kwa anwani yangu. Alhamisi jioni jibu likaingia: nafasi ipo, tuma namba ya pasipoti kwa barua pepe kabla ya Ijumaa adhuhuri ya huko kwao, la sivyo tunampa mwingine. Nikahesabu saa, nikazihesabu tena. Adhuhuri yao ni saa nane yetu. Pasipoti ilikuwa Msambweni kwa mama, chini ya godoro.

Mdogo wangu aliifikisha Ijumaa karibu saa tano. Kukimbilia Mombasa kutafuta mtandao hakukuwa na maana, foleni ya feri ilikuwa imefika mbali. Na fundi alikuwa kazini.

Nikamfuata. "Fundi, nipe robo saa tu."

"Dada, hili geti linachukuliwa leo. Nikizima, atachomelea nani, kompyuta yako?"

"Nikuongezee kitu?"

"Wewe uongeze? Wewe uliyenipunguzia hata bei ya bawaba?"

Nikarudi dukani nikamwambia mdogo wangu tusubiri sala. Fundi haachi Ijumaa, na akienda msikitini, nyaya zitatulia.

Tukasubiri. Mdogo wangu alikaa ameishika pasipoti kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Fundi akanawa, akavaa kanzu, akaondoka. Nikapiga simu kwa kompyuta. Kimya. Si kelele ya kukatika, kimya kabisa, kama laini haipo. Nikachomoa kisanduku, nikachomeka. Nikajaribu soketi nyingine. Kimya.

"Dada, vipi?"

"Usiniulize."

Nikazunguka nyuma, nikapiga hodi. Bimkubwa alikuwa peke yake siku hiyo. Kisanduku kilikuwa mahali pake, na swichi ya soketi imezimwa.

"Bimkubwa, umezima?"

"Nimezima. Nilikuwa naoga, nabadilisha nguo."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu. "Mwanangu, uliniambia mwenyewe kinachukua sauti za humu. Mimi niko eda. Huko dukani kwako wamejaa wanaume. Niwe navua nguo huku wananisikia?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaacha. Kwa sababu kweli, mtu akichomeka simu upande wangu huku Bimkubwa anaongea kwenye simu yake, atamsikia kila neno. Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Hakichukui chochote mkono wa simu ukiwa umelala," nikamwambia.

"Wewe wajua. Mimi sijui."

"Sasa hivi ni ndugu yangu. Kazi yake inaondoka saa nane."

Saa ya ukutani kwake ilikuwa saa saba na nusu. Nilikuwa tayari kwa bei yoyote, na hakutaja bei.

"Mwanamume asiwemo dukani," akasema. "Hata mmoja. Atoke akakae barabarani, wewe ufunge mlango. Ukimaliza niambie dirishani, nizime."

"Lakini namba ni yake."

"Namba si unajua kusoma?"

Nikarudi mbio. Nikamnyang'anya mdogo wangu pasipoti, nikamwambia toka nje. Alinitazama kama nimerukwa na akili. "Toka," nikasema, "na fundi akirudi asiguse chuma." Nikafunga mlango.

Modemu ikalia, ikaguna, ikaanza ile filimbi yake. Ikashika. Nikaandika namba, nikaisoma kwenye pasipoti, nikaisoma kwenye kioo cha kompyuta, nikairudia tena kuanzia mwisho. Nikabonyeza kutuma. Mstari unaoonyesha barua inavyokwenda ukaanza kutambaa.

Nje nikasikia viatu vya fundi.

"Asalaam aleikum," mdogo wangu akasema.

"Waaleikum salaam."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nipishe nimalizie geti."

"Msikitini kwema?"

"Kwema."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama mzee kule Gazi? Nilisikia mguu unamsumbua."

Mtu hawezi kuulizwa mguu wa mamake akajibu kwa mkato. Fundi akauelezea ule mguu. Mstari ukafika katikati ukasimama. Mdogo wangu akauliza mguu upi. Akauliza dawa gani anapaka. Akauliza minazi ya Gazi, akauliza shemeji zake mmoja mmoja, na kila jina lilipojibiwa alishukuru Mungu polepole. Mstari ukasogea. Nilikuwa nimeshika meza.

Kompyuta ikaandika: imetumwa.

Nikafungua dirisha la uani. "Bimkubwa, nimemaliza." Kabla sijavuta pumzi nikasikia swichi yake ikilia tak.

Nilipofungua mlango, fundi alikuwa ameshika mkono wa mashine ya kuchomelea, na mdogo wangu amesimama kati yake na geti, anaulizia mbuzi.

"Mdogo wako leo ana nini?" fundi akaniuliza. "Miaka yote hii hajawahi kunisalimu hivi."

"Mwache," nikasema. "Anaaga."